Masafa Baina ya Mwimbaji na Chombo

Kwa miaka mingi Kigongo ilikuwa mahali pa kungoja. Wengi waliotoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na nchi za mbele yake walikoma kwenye ukingo huu wa Ghuba ya Mwanza mpaka kivuko kirejee kutoka Busisi, na miongoni mwa wangojaji hao hawakukosekana wapiga muziki waliobeba magitaa na ngoma zao, wakihofia kuchelewa dansi ya ng'ambo. Daraja lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limekomesha kungoja huko. Lakini yako masafa mengine yaliyowataabisha wapiga muziki wa pwani hii ya ziwa kuliko maji ya ghuba, nayo ni masafa baina ya mwimbaji na chombo kiwezacho kuinasa sauti yake. Na bendi yoyote changa inayojiuliza leo inunue chombo gani cha bei rahisi ili irekodi nyimbo zake za majaribio nyumbani, ingefaa kwanza ifahamu jinsi masafa hayo yalivyokuwa na jinsi yalivyofupishwa.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya moja kwa moja kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyepanda kutoka katika ufukara hadi kuwa fahari ya Unguja, alivuka Bahari ya Hindi pamoja na wenziwe kwenda Bombay, ili nyimbo zao zitiwe katika santuri za His Master's Voice. Hebu msomaji atafakari uzito wa jambo hilo: ili sauti ya Kiswahili ihifadhiwe, mwenye sauti alilazimika kupanda meli na kwenda bara jingine, na huko, kwa kuwa uso mmoja wa santuri ya siku zile haukuchukua zaidi ya dakika tatu na ushei, wimbo uliozoea kutanda katika usiku wa baraza ulikatwa ukalingana na sahani. Gharama ya safari ilikuwa juu ya kampuni, na hukumu ya nani astahili kusafiri ilikuwa yake pia.

Siti alifariki mwaka 1950, na katika mwaka huo mambo yalianza kugeuka kwa upande wa bara, maana sasa chombo ndicho kilichosafiri. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini tangu ujana wake, alizunguka Tanganyika akiwa na mitambo yake garini, akawarekodi Wasukuma, Wanyamwezi, Wahaya, Wagogo na wengineo. Usukumani alikuta ufundi uliokomaa bila ya kumngoja mgeni yeyote. Vyama vya Bagika na Bagalu vilikuwa vimekwishashindana kwa vizazi kadhaa, kila kimoja kikijitahidi, baada ya mavuno, kuvuta umati mkubwa kuliko mwenzake. Palikuwa na bugobogobo inayochezwa kwa majembe, na wigashe inayoimbwa watu wakiwa wameketi, na manju waliotunga nyimbo mpya kila msimu, kwa kuwa wimbo wa mwaka jana haukutosha kumshinda mpinzani. Katika kazi ya Tracey mna funzo ambalo wanunuzi wa vyombo vya leo aghalabu hulipuuza. Alikuwa akiishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kwa mwimbaji na kuirudisha kwa ngoma kadiri wimbo ulivyokwenda, na jenereta lake aliliweka mbali, ngurumo yake isije ikaingia katika muziki. Maikrofoni ilikuwa moja, na kilichobaki kilikuwa usikivu.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikazaa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na hatimaye, mwaka 1965, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa takriban miaka thelathini baadaye, bendi ya Tanzania iliyotaka kusikika nchini haikuwa na mlango mwingine mkubwa zaidi ya studio ya redio hiyo. Kwa bendi ya Mwanza maana yake ilikuwa safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200, na mwisho wa safari hiyo kuingia chumbani na kupiga wimbo wote kwa pamoja, mwanzo hadi kikomo, ambapo kosa la mpiga tarumbeta mmoja liliwarudisha wote kwenye ubeti wa kwanza. Uwiano wa sauti ulipatikana zaidi kwa kuwapanga watu kuliko kwa kugeuza vitufe: saksafoni nyuma, mwimbaji karibu, ngoma pembeni. Ni kwa sababu hiyo, nadhani, nyimbo za enzi ile zina umoja ambao rekodi nyingi za sasa zimeukosa, kwani watu wale walikuwa wakisikilizana. Santuri nazo zilitengenezwa Nairobi, ambako Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walirekodi. Na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukabaki umefungwa hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba.

Ukombozi ulitoka mahali ambapo haukutazamiwa. Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963 kwa kunakili maneno ya ofisini zaidi kuliko muziki, iliingia madukani na vijijini, na redio kaseti ikawa chombo cha kwanza cha kurekodia ambacho mtu wa kawaida wa kando ya ziwa aliweza kukimiliki. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio, mashine iliyoigawa kaseti hiyohiyo katika njia nne, hata mtu mmoja aweze kurekodi gitaa, kisha besi, kisha ngoma, kisha sauti, kila kimoja kwa wakati wake. Na mwaka 1982 Bruce Springsteen wa Marekani alitoa albamu nzima, Nebraska, iliyotokana na kaseti ya namna hiyo aliyoirekodi chumbani kwake kwa nia ya majaribio tu. Kwetu mashine hizo zilikuwa ghali na adimu. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango, vituo binafsi vikazuka, mojawapo Radio Free Africa ya hapahapa Mwanza, na kompyuta zikazaa studio za vyumba vya uani ambazo vijana wa Mwanza, Jiji la Miamba, walizitumia kuanzisha muziki wao.

Leo, basi, masafa yamekwisha, na taabu iliyobaki ni ya kuchagua. Rai yangu ni kwamba bendi yenye mfuko mwembamba isianze na kompyuta ya fahari wala spika kubwa. Ianze na maikrofoni moja au mbili za dainamiki, ambazo husikia kilicho karibu na kusamehe kelele za jirani, mfano wa Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na ambayo bado inafanya kazi majukwaani, ila mnunuzi ajihadhari na za bandia. Maikrofoni za kondensa ni tamu katika chumba kimya, lakini chini ya paa la bati, mvua za masika zikinyesha, hunasa kila tone. Baada ya maikrofoni za dainamiki bendi inunue hedifoni nzuri, na kisanduku chenye matundu mawili cha kugeuza sauti iwe tarakimu ziingiazo katika kompyuta; programu haina haja ya kugharimu kitu, kwani Audacity hutolewa bure tangu mwaka 2000. Fedha itakayosalia itumike kwa chumba: magodoro ya pamba kuegemezwa ukutani na mablanketi mazito kutundikwa madirishani huondoa mwangwi vizuri kuliko chombo chochote cha bei hiyo. Na jenereta, umeme ukikatika, liwekwe mbali kama Tracey alivyofanya.

Nawaomba pia wenzetu wa bendi za Kigongo, Misungwi na Sengerema wasifute rekodi zao za majaribio baada ya kupata zilizo bora. Waziandikie tarehe, mahali, jina la mtunzi na jina la kila mpigaji, waweke nakala zake mahali pawili, kwa kuwa wengi wa waliopiga katika santuri na tepe za zamani tunawasikia hata leo bila ya kuyajua majina yao.