Ukungu wa Wagenia: namna ya kupiga foto za ndege wa maji bila kuwasumbua

Kabla jua halijatoka, ukungu mweupe unalala juu ya Mto Kongo pale Wagenia, Kisangani. Ni saa ambayo ndege wa maji wanaanza kutafuta chakula, na ni saa bora kwa mpiga foto. Lakini ni saa fupi, na mwenye haraka anaweza kuharibu kile alichokuja kuona.

Ukungu unatoka wapi?

Usiku hewa inapoa upesi kuliko maji ya mto. Mvuke unaopanda unakutana na hewa baridi na kugeuka matone madogo sana. Wagenia ni poromoko la mwisho kati ya maporomoko 7 ya Boyoma, yanayoanzia upande wa Ubundu. Maji yanayopiga mawe yanaongeza manyunyu. Matone hayo yanatawanya mwanga. Vivuli vikali vinapotea, ngambo ya pili inafifia, ndege anabaki peke yake katika foto.

Kwa kuwa Kisangani iko karibu na ikweta, jua linapanda wima. Mapambazuko yanachukua karibu dakika 20 tu, na jua linatoka saa 12 asubuhi na dakika chache. Likipata nguvu, ukungu unayeyuka. Inafaa kufika kungali giza.

Ndege wa kutafuta

Kando ya mto kuna yangeyange weupe na korongo wanaosimama kimya wakingoja samaki. Kitwitwi, ule mdogo anayetikisa mkia kila mara, anatoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Ndege wa pekee wa maporomoko ni Glareola nuchalis: mdogo, wa rangi ya majivu, miguu myekundu, na mstari mweupe nyuma ya shingo. Anakaa juu ya mawe katikati ya maji makali na kukamata wadudu hewani.

Apareyi na telefone

Ukungu unadanganya apareyi. Kwa kuwa kila kitu ni cheupe, inapunguza mwanga na foto inatoka ya kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga kidogo, hadi +1. Lakini yangeyange akiwa mbele ya msitu wenye giza, mwanga upunguzwe, la sivyo manyoya yake yatakuwa doa jeupe tupu.

Kwa ndege aliyesimama, kasi ya 1/250 inatosha. Akiruka, 1/1000 ao zaidi. Mashine ikishindwa kuona vizuri ndani ya ukungu, ilengwe pale ndege anapokutana na maji, kwenye miguu. Mwenye telefone aguse ndege kwenye kioo, kisha arekebishe mwanga kwa kidole. Asivute picha sana, maana inaharibika. Ndege mdogo ndani ya mto mpana ni foto nzuri pia. Kitambaa kikavu ni lazima, juu lenzi inalowa pole-pole bila mtu kujua.

Mayai juu ya mawe

Hapa ndipo hatari ilipo. Maji yakishuka na mawe kuonekana, Glareola anataga juu ya jiwe lenyewe, bila kiota cha majani. Pirogi ikikaribia sana, mzazi anaruka na mayai yanabaki kwenye jua ao mbele ya adui. Ndege akiacha kula, akiinua kichwa ao akilia-lia, mpiga foto arudi nyuma. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inalinda wanyama pori wa nchi.

Watu pia wana haki yao. Wagenia ni mahali pa kazi ya wavuvi, na miti yao ya kutundika vikapu si pambo la foto. Kwanza salamu, kisha ruhusa, na bei ya pirogi isemwe mbele ya safari. Kupiga foto za daraja, bandari, uwanja wa ndege ao askari bila ruhusa kunaweza kuleta matatizo makubwa.

Foto inayobaki

Kila foto iandikiwe tarehe, saa na mahali. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kituo cha kufuatilia viumbe hai, CSB. Foto yenye habari kamili inaweza kuwasaidia watafiti kujua ndege gani wapo, na katika majira gani. Bila tarehe, ni pambo tu la ukutani. Ikiwa na tarehe, ni ushahidi kwamba ndege huyo alikuwapo kwenye mto huu.