Waliokuja na kusi, waliokuja na kaskazi

Leo mishono na mapishi tuyaweke kando kidogo, nina historia. Ni ndefu, kwa hiyo jimiminie chai kwanza.

Hapa Ruhembe ninapoishi na kushona, ukimuuliza mtu kwao wapi, ni wachache watakaokujibu "hapahapa". Wenyeji wa upande huu wa Kilosa ni Wavidunda na Wasagara, lakini miwa imeleta watu kutoka Iringa, Njombe, Mbeya, Songea na kwingineko. Mimi nikisema nimetoka Unguja, naulizwa tena: "Unguja sawa, lakini asili yenu?" Nacheka, maana swali hilo nimekua nalo. Mjini Unguja kila nyumba ina jibu lake, na kuna miaka ambayo jibu hilo lilimpa mtu kazi, na miaka mingine likamnyang'anya.

Nataka tuwatazame Wangazija na Washihiri. Nimewachagua kwa sababu wote wamo nyumbani kwetu: bibi mzaa mama alikuwa Mngazija, babu mzaa baba Mshihiri. Tangu utotoni, harusini na misibani, nimesikia upande mmoja ukiusema wa pili. Hawa wana maringo ya kisomo, wale ni mabahili wa duka. Ukiondoa utani, kuna swali la kweli ndani yake: watu wawili wamefika mji mmoja, dini moja, madhehebu moja, karibu wakati mmoja, kwa nini hali zao za maisha zikawa mbali hivyo?

Mshihiri alikuja na kaskazi. Jahazi lilitoka Shihr au Mukalla, pwani ya Hadhramaut, kusini mwa Yemen, likashuka na upepo wa mwisho wa mwaka mpaka Lamu, Mombasa, Unguja. Mngazija alikuja na kusi, akipanda kutoka visiwa vya Komoro. Kwa haki tungesema Mngazija ni mtu wa kisiwa cha Ngazija tu, lakini Unguja hata wa Nzwani na Mwali waliitwa hivyo hivyo. Wote wawili ni Masunni wa Kishafii, kama Waswahili wenyewe, wakati masultani wa Unguja walikuwa Maibadhi. Kwa hiyo kuoana na wenyeji hakukuwa na kikwazo, na msikitini walisimama safu moja.

Kuna mtu mmoja aliyezibeba pande zote mbili kifuani mwake. Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, baba yake akiwa ametoka Hadhramaut. Akawa kadhi mkubwa Unguja na mwanachuoni aliyejulikana mpaka Misri. Rafiki yake Shekhe Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu katika ukoo wa Kihadhrami, naye akaja kusomesha Unguja. Wote wawili wamefariki mwaka 1925. Ukiwatazama hao unaweza kudhani Washihiri wote walikuwa masharifu na maulamaa. Hapana. Hadhramaut yenyewe ilikuwa na madaraja: masharifu juu, kisha mashekhe na watu wa makabila, chini kabisa masikini wa mjini na wakulima. Jahazi liliwapakia wote, lakini waliposhuka kila mmoja alishuka na daraja lake.

Wale wa chini, ambao ndio wengi, walianza na mabega. Walikuwa mahamali bandarini, wachukuzi wa maji, wauza kahawa wanaozunguka na dele la shaba wakigonganisha vikombe. Mtu alikuja peke yake, akalala kwenye duka la mjomba au la mtu wa kijiji chake, akala kwa hesabu, akaweka. Baada ya miaka kadhaa naye akafungua kijiduka, akamwita mdogo wake, naye akalala palepale sakafuni alipolala yeye. Ndiyo siri yote ya huo ubahili tunaowacheka. Mtaji wao ulikuwa ukoo na uaminifu, wala hawakuwa na benki ya kuwakopesha. Hata miongoni mwa Waarabu hawakuheshimiwa sana. Miaka ya 1920 walipigana mjini Unguja na Wamanga, yaani Waarabu waliokuja karibuni kutoka Omani. Kwa mtu wa nje wote walikuwa "Waarabu" tu, lakini wenyewe walijua nani anakula sahani gani.

Mngazija alishika njia nyingine. Alianza kwenye majumba ya wakubwa, kwa masultani, kwa mabalozi na Wazungu, akiwa mpishi na mtumishi wa kuaminiwa. Humo akajua lugha na desturi za ofisi, na mtoto wake akawa karani, mwalimu, mtu wa serikali. Walikuwa maelfu machache tu, lakini ulikuwa ukiingia idara ya serikali unakutana nao. Walikuwa na chama chao na skuli yao, na mwaka 1936 Ibuni Saleh alichapisha kwa Kiingereza kitabu kidogo cha historia ya Wangazija wa Zanzibar. Mtu haandiki kitabu cha namna hiyo kwa Kiingereza ila awe anataka serikali isome.

Walikuwa na sababu. Serikali ya Mwingereza iliwapanga watu kwa makabila na rangi, na mpango huo uliamua mshahara na cheo. Visiwa vyao vilikuwa chini ya Mfaransa, Maore tangu 1841 na vilivyobaki tangu 1886, nao wakaishi Unguja chini ya Mwingereza. Walipigania sana wasiandikwe kwenye fungu la "wenyeji". Mimi hapo siwatetei. Jirani yako Mswahili mnaswali naye na kuoana naye, halafu kwenye daftari la Mzungu unaomba uandikwe mbali naye! Lakini nikijiweka katika nafasi ya karani mwenye watoto sita, naona ni mstari gani uliokuwa unalipa zaidi.

Basi ukipita mjini miaka ya 1940 au 1950, ungesema Mngazija amemshinda Mshihiri. Ana kanzu iliyopigwa pasi na mshahara mwisho wa mwezi. Mshihiri anauza kibiriti na mafuta ya taa mpaka usiku. Tena miaka hiyo Hadhramaut kulikuwa na njaa kali. Watu wa huko walitegemea sana fedha za ndugu zao walioko Java na Singapore, na Mjapani alipoziteka nchi hizo mwaka 1942 fedha zikakatika. Ukame ukaongezeka juu yake. Mshihiri wa Unguja mwenye duka la futi kumi alikuwa analisha na watu ambao hajawaona miaka kumi na tano.

Na Mngazija naye alipeleka pesa kwao, ila kwa jambo jingine. Kwao kuna ndoa kubwa, wenyewe wanaiita ada, ambayo bila ya kuifanya mwanamume hahesabiki mtu mzima kamili kijijini, hata awe na mvi. Wako waliofanya kazi Unguja maisha yao yote ili warudi kuifanya. Dhahabu, ng'ombe, mchele, karamu ya siku nyingi. Ukiniuliza mimi nitasema ni pesa imeunguzwa, lakini subirini, maana ndani ya desturi hiyo hiyo kuna jambo nililolipenda.

Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Wazee wanamjengea binti yao, mume ndiye anayehamia kwake. Kuna na ardhi ya ukoo inayorithiwa kwa upande wa kike, wanaiita manyahuli. Mume akiondoka, anaondoka na sanduku lake. Mke wa Mshihiri hakuwa na kinga kama hiyo. Washihiri wengi walikuja bila wake, wakaoa Waswahili wa hapa, na baadhi yao walikuwa na mke mwingine Hadhramaut. Nyumba ilikuwa duka, na duka lilikuwa la mwanamume na ndugu zake. Mama wa Kiswahili aliwalea watoto kwa Kiswahili, kisha mmoja akapelekwa Hadhramaut akajifunze Kiarabu na adabu za kwao. Kule waliitwa muwalladi, waliozaliwa ugenini, na walichekwa kwa lafudhi yao. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alisema Unguja aliitwa Mshihiri, Shihr akaitwa Msawahili.

Halafu ikaja Januari 12, 1964. Mapinduzi yaliwaangukia watu walioitwa Waarabu, na usiku ule hapakuwa na mtu wa kuuliza huyu ni Mmanga au Mshihiri, tajiri au muuza kahawa. Wako waliouawa, wengine walikimbia bila kitu. Biashara kubwa zikaenda mikononi mwa serikali, mashamba yakataifishwa. Duka ambalo lilichukua miaka thelathini kulijenga lilikwisha kwa siku chache. Na aliyekimbilia Hadhramaut hakupumzika: mwaka 1967 Mwingereza aliondoka Yemen ya Kusini, na serikali iliyofuata ikawa ya kisoshalisti, nayo ikataifisha. Muomani aliyetoka Unguja alipata mlango baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi yenye mafuta. Mshihiri hakuwa na dola ya namna hiyo. Wengi walianza upya tena, Saudia, Imarati, Mombasa, Dar es Salaam, kwa njia ileile ya kulala sakafuni kwa mjomba. Hata Bara hawakukaa kwa raha, kwani mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa vijijini ili yawe ya ushirika.

Wangazija walipata miaka minne ya kupumua. Mwaka 1968 serikali ya Zanzibar ikawatangaza kuwa si raia. Waliokuwa kwenye kazi za serikali wakaachishwa, na aliyetaka uraia alitakiwa aukane Ungazija kwanza. Fikirieni watu ambao uzao mzima ulikuwa umewekeza kwenye jambo moja tu, ajira ya serikali. Ule ubaguzi wa daftari walioupigania wakati wa Mwingereza, safari hii ulikuja kuwasoma wao. Waliorudi Ngazija waliitwa Wazanzibari mpaka leo, na wengine hawakuwa wamekiona kisiwa hicho hata siku moja.

Nani basi aliumia zaidi? Kwa damu, Mshihiri, wala hakuna ubishi. Kwa riziki, nadhani Mngazija aliumia zaidi, kwa sababu ukarani hauhamishiki. Cheo chako cha Unguja huwezi kukifunga kwenye bahasha ukaenda nacho Dubai. Mshihiri aliponyang'anywa duka alibaki na watu wanaomwamini mkopo, na hao walikuwa bandari zote mpaka Java.

Huku kwenye miwa nimeiona hali kama hiyo, tena bila bunduki wala tangazo la redio. Kiwanda cha Ruhembe kilijengwa miaka ya 1970, ng'ambo ya pili ya mto Ruaha ukitokea kile cha kwanza cha Msolwa. Waliohamia wakati huo walikuwa wa namna mbili. Wako walioajiriwa na kampuni, wakapewa nyumba, umeme, hospitali, na wakawaona wenzao wa vijijini washamba. Na wako waliotafuta eka mbili tatu wakalima. Mwaka 1998 kiwanda kikauzwa kwa Illovo wa Afrika Kusini, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, na nyumba ya kampuni si yako siku unapoacha kazi. Miaka iliyofuata wakulima wa nje ndio walioongezeka mpaka wakawa maelfu. Nawashonea sare watoto wa nyumba zote mbili, na naijua tofauti ninapodai pesa yangu.

Lakini turudi Unguja kwa wanawake, maana historia zilizoandikwa zinataja makarani na maulamaa tu. Mshahara ulipokatika, katika nyumba nyingi za Wangazija kilichobaki kinafanya kazi ni sindano. Kofia za Kingazija zinasifiwa pwani nzima. Kitambaa kinawekwa tabaka mbili, nakshi inachorwa, halafu kinatobolewa vitundu vidogo na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Bibi alishona akiwa amekaa barazani, miguu kanyoosha, na kofia zake zilinunuliwa na watu wa kila kabila, Washihiri wakiwemo, na kwa bei hawakubishana naye kama walivyobishana na wengine. Alikuwa akisema macho yake ndiyo pensheni ya babu.

Siku hizi kofia za mashine kutoka China zimejaa sokoni, unapata kwa bei ya chini sana, na kijana wa leo hatofautishi. Mimi natofautisha kwa kuigeuza ndani tu. Nimejaribu kufundisha wasichana wawili hapa Ruhembe kutoboa vitundu. Mmoja kaacha baada ya siku tatu, anasema mgongo. Wa pili anaendelea, na ameshaniuliza kofia ya kwanza ikiisha itakuwa ya nani.

Nimemwambia ni yake. Aliuliza kwa sababu mama yake hulima miwa msimu mzima, na malipo huingia kwenye akaunti ya mwenye jina la shamba, na hilo jina ni la baba.