Kujiandaa kwa kazi ungali mwanafunzi: kazi ndogo, kujipima na makongamano

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Taifa yakitoka, jamaa nyingi za Opala hukaa pamoja kupanga safari ya mtoto mmoja. Huyu anatoa magunia ya mpunga, yule anauza nguruwe, na kanisa linakusanya sadaka ya pekee. Kijana anashuka mto Lomami hadi Isangi, anapandisha mto Kongo akipita Yangambi na Yakusu, hata anafika Kisangani. Mwingine anapita barabara ya pikipiki hadi Lubunga na kuvuka mto. Sisi wachungaji tunamwombea, naye anakwenda.

Miaka inapita. Kijana anamaliza masomo, ana diploma mkononi, lakini hana kazi wala hajui aanzie wapi. Mara nyingi shida si akili yake. Hakuna aliyemwambia kwamba maandalizi ya kazi hayaanzi siku ya kupokea diploma, bali mwaka wa kwanza wa masomo. Hapa tunaeleza njia tatu za maandalizi hayo, na sehemu ya kanisa ndani yake.

Jambo hili si geni kwetu

Kijana wa Opala anayekwenda kwa mtumbwi au baleinière anapita Yakusu, ambako Wabaptisti wa Uingereza walianzisha misheni mwishoni mwa karne ya 19. Daktari Clement Chesterman alifika huko mwaka 1920. Katika hospitali ya Yakusu vijana Wakongo walijifunza uuguzi wakiwa wanafanya kazi kwa wagonjwa, kisha wakatumwa kwenye zahanati za vijijini. Darasa na kazi vilikwenda pamoja.

Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS) nacho kina mizizi katika makanisa yetu. Waprotestanti walikianzisha mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vyuo vingine kuwa UNAZA, na mwaka 1981 kikawa UNIKIS. Huko Beni, chuo cha Kikristo cha UCBC, kilichofunguliwa mwaka 2007, kimeweka kazi za mikono chuoni kuwa sehemu ya malezi ya wanafunzi.

Njia ya kwanza: kazi ndogo wakati wa masomo

Vyuo vyetu vingi havina kazi za kuwalipa wanafunzi. Lakini Kisangani kuna wanafunzi wanaoendesha toleka ili walipe masomo, wanaouza mayunite ya simu, wanaofundisha saa chache katika shule ya sekondari, au wanaoandika kazi za wengine kwenye kompyuta. Tusidharau kazi hizo. Mtume Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, na injili haikupungua kwa sababu hiyo.

Mwanafunzi azingatie mambo matatu. Kwanza, kazi isile masomo: anayeendesha baiskeli usiku kucha na kulala darasani anapoteza vyote viwili. Pili, pale inapowezekana, achague kazi iliyo karibu na masomo yake. Anayesoma uchumi aombe kutunza hesabu za duka. Anayesoma ualimu afundishe watoto wa jirani. Tatu, aandike kila kitu: alifanya nini, kwa muda gani, chini ya nani.

Staji ambayo chuo kinadai ichukuliwe hivyohivyo. Wapo wanaokwenda kutafuta sahihi na muhuri tu. Hao wanarudi na karatasi bila ujuzi.

Njia ya pili: kujipima

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Paulo naye anatuonya tusijione wakubwa kuliko tulivyo, bali tujipime kwa kiasi. Kwa hiyo kujipima ni utii kabla ya kuwa shauri la watu wa ofisi.

Kila mwisho wa semesta, mwanafunzi achukue daftari na kujibu maswali manne. Ni kazi gani ninaweza kuifanya leo bila kusaidiwa? Ni kazi gani watu huniomba mara kwa mara? Ni wapi nimeshindwa, na kwa nini? Ni nini nitajifunza kabla ya semesta ijayo? Kisha awaonyeshe watu watatu wanaomjua: aliyemsimamia kazini, mwanafunzi mwenzake, na mzee wa familia au wa kanisa. Moyo wa mtu hujidanganya upesi, lakini wenzake wanaona.

Njia ya tatu: makongamano na mikutano

Kisangani kuna mikutano ya wasomi, utetezi wa TFC na mémoire mbele ya watu, na kambi za GBU. Yangambi kuna watafiti wa kilimo wa INERA, kituo chenye historia tangu INEAC ya mwaka 1933. Mwanafunzi wa kilimo kutoka Opala anapita mbele yao kila anapokwenda na kurudi kwa njia ya mto, naye mara nyingi hajashuka hata siku moja.

Anayekwenda kongamano asiende kwa ajili ya chakula na brevet. Aende na swali moja lililoandikwa, atoke na majina ya watu wawili aliozungumza nao, na kabla ya juma kwisha awaandikie ujumbe wa shukrani. Mlango wa kazi mara nyingi hufunguliwa na mtu anayekukumbuka.

Sehemu ya kanisa

Hapa tunaungama kosa letu. Binti mmoja wa kanisa letu, akiwa mwanafunzi, alitunza hesabu za mashine ya kusaga ya akina mama kwa miaka mitatu, na hesabu haikupotea hata mara moja. Alipoitwa kuulizwa kwa ajili ya kazi, aliulizwa amewahi kufanya kazi gani. Akajibu, "Hakuna, nilikuwa mwanafunzi." Sisi tuliofaidika na kazi yake hatukuwa tumemwandikia hata barua moja. Kazi ile hakuipata.

Tangu siku hiyo tumekubaliana mambo matatu, na tunawasihi makanisa mengine wayapime. Kila mwanafunzi anayerudi likizo apewe kazi halisi kanisani: hesabu, uandishi, kufundisha watoto, shamba la kanisa. Akimaliza, apewe barua ya ushuhuda inayosema kweli, bila kumpamba, yenye tarehe na sahihi. Tena, wazee wamwite na kumwuliza mwaka wake ulikwendaje, si alama tu.

Tulizoea kutoa sadaka siku ya kuondoka na kungoja diploma. Katikati ya siku hizo mbili kuna miaka mingi, na mtoto asiwe peke yake ndani yake.