Wakfu wa Kanali Boden

Watu wa pwani waujua wakfu tangu zamani: mtu huacha shamba la minazi kwa ajili ya msikiti, akafa, na sharti lake likaishi baada yake. Vyuo vikuu vya Ulaya navyo vina desturi hiyo, na mfano mmoja wastahili kutafakariwa.

Joseph Boden alikuwa Luteni Kanali katika jeshi la Kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu za Bara Hindi. Alifariki mwaka 1811. Kwa wasia wake, mali ilikiendea Chuo Kikuu cha Oxford baada ya kufa binti yake, ili kiwekwe kigoda cha uprofesa wa Kisanskriti. Nia yake hakuificha: Waingereza waijue lugha hiyo, wapate kuwavuta Wahindi katika Ukristo. Mwaka 1832 Horace Hayman Wilson alichaguliwa kuwa profesa wa kwanza.

Wilson alipofariki mwaka 1860, wawili waligombea. Max Müller, Mjerumani, alikuwa akihariri Rig Veda, na sifa yake ilienea Ulaya nzima. Lakini Bara Hindi hakupata kuliona, na imani yake ilitiliwa shaka. Monier Williams alizaliwa Bombay, naye akaahidi kuitumikia nia ya marehemu. Hata Müller alilazimika kujitetea kwamba kazi yake yawafaa wamisionari. Wahitimu wa Oxford, wengi wao makasisi, walipiga kura: Williams 833, Müller 610.

Je, marehemu alipata alichotaka? Williams alitoa kamusi kubwa ya Kisanskriti mwaka 1872. Wahindi hawakuacha dini zao kwa sababu yake. Bali wao na wageni huitumia hata leo kusoma vitabu vile vile ambavyo Boden alitumaini vitaachwa. Mwaka 1882 kanuni mpya za kigoda hazikuitaja tena nia yake. Kigoda kingalipo.

Basi fedha huweza kununua kiti, wala haziwezi kuamuru elimu itafika wapi. Lakini hasara ilikuwapo: siku ile ya kura, mwanachuoni alipimwa kwa sharti la maiti kabla ya kupimwa kwa elimu yake. Nasi, tupewapo kigoda cha kusoma utamaduni wa taifa jingine, tushukuru. Kisha, kabla ya kutia sahihi, tuulize ni nani atakayemchagua mwalimu.