Harufu ya Sponji za Hedifoni: Ilikotoka na Namna ya Kuitoa

Leo tunaweka pembeni mbolea na chanjo za kuku. Vijana wetu wa Moshono, wa bodaboda, wa saluni na wa vyuoni, wanashinda na hedifoni masikioni, na wengi wanauliza kwa nini sponji zake zinanuka. Jibu lake lina historia.

Hedifoni za mwanzo zilikuwa ngumu. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin, mkazi wa Utah, aliuzia Jeshi la Majini la nchi yake hedifoni alizozibuni mwenyewe. Kifaa kigumu kinaumiza sikio, lakini ukikipangusa kwa kitambaa kinasafika. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake kule Ujerumani waligundua poliuretani, ambayo baadaye ilitumika kutengeneza sponji. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alileta hedifoni za stereo za kusikilizia muziki nyumbani, na mwaka 1979 Sony ya Japani ilitoa Walkman yenye hedifoni nyepesi za sponji. Masikio yakapata raha, na harufu nayo ikapata pa kukaa.

Arusha yetu ina sehemu yake katika historia hii. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na makao yake yakawekwa hapa mjini, kwenye majengo ya AICC. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, majaji wakafuatilia kwa Kiingereza au Kifaransa. Katikati walikaa wakalimani, na sauti zao zilipita kwenye hedifoni, kama ilivyofanyika Nuremberg kuanzia mwaka 1945 kwa lugha nne. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa baada ya kusikiliza kesi. Ilifunga kazi mwisho wa mwaka 2015.

Hedifoni za ukumbini hazina mwenyewe: leo anavaa huyu, kesho yule. Anayeivua kwa sababu inanuka anapitwa na maneno, na kuna mahali ambapo neno moja ni ushahidi. Kwa hiyo usafi wa sponji si urembo.

Sasa chanzo. Jasho likitoka mwilini halina harufu kubwa. Bakteria wakila jasho, mafuta ya ngozi na nta ya sikio ndipo harufu inapoanza. Sponji ina vitundu vingi vinavyotunza unyevu na joto, kwa hiyo bakteria wanastawi humo. Ukipuliza marashi juu yake unafunika tu; chakula chao kimebaki palepale.

Wazee wetu Waarusha na Wamaasai walilijua jambo hili kupitia kibuyu cha maziwa. Mafuta ya maziwa yakiganda ndani, kibuyu kinanuka na maziwa mapya yanaharibika. Hawakukitupa. Walitoa mabaki, wakakisugua kwa kijinga cha moto cha oloirien, yaani mzeituni pori, kisha wakamwaga majivu. Moshi na joto vilipunguza vijidudu na kukausha ndani. Kanuni ni tatu: ondoa uchafu, punguza vijidudu, kausha. Hedifoni tusiifukize, lakini kanuni zile zile zinafaa:

1. Chomoa sponji taratibu. Nyingi zimebanwa kwa vishikizo. Kama zimegundishwa, usizivute. Zipanguse zikiwa hapo hapo.

2. Sponji tupu au ya kitambaa, ifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo. Ibinye bila kuisokota, kisha suuza mpaka povu liishe.

3. Ya ngozi bandia usiiloweke. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha kwa kitambaa kikavu. Spiriti tumia kwa nadra, maana hukausha ngozi hiyo hadi ibanduke. Magadi ya Ziwa Natron yaache kwa maharage; ni makali mno kwa kazi hii.

4. Anika kivulini penye upepo hadi ikauke kabisa. Jua kali la muda mrefu hudhoofisha sponji.

5. Harufu ikibaki, iweke ikiwa kavu ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vipande vya mkaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, usiku mmoja au miwili. Mkaa hunyonya harufu.

Baada ya kutumia, pangusa jasho na usiifungie kwenye begi ikiwa mbichi. Sponji iliyobanduka au kuota ukungu, badilisha. Usiazimane hedifoni na mtu mwenye maradhi ya sikio, na sikio likiuma au kutoa usaha, wahi kituo cha afya. Hapo sponji safi peke yake haitoshi.