UPEPO NDANI YA GURUDUMU

Kabla hatujaanza kusoma, nataka mmoja wenu atoke nje kidogo. Kama chini ya mwembe kuna baiskeli au pikipiki, alishike gurudumu la nyuma, alibonyeze kwa kidole gumba, kisha arudi aseme: upepo unatosha au hautoshi? Wengine wawili wamfuate, nao waseme. Nadhani hawatakubaliana. Mwalimu ayaandike majibu yao ubaoni, maana tutayarudia.

Somo letu la leo ni habari za upepo uliofungwa ndani ya mpira, na jinsi watu walivyojifunza kuupima. Mambo mengi yalitendeka ng'ambo. Lakini nchi yetu ya kusini imo katika habari hii tangu mapema, kabla baiskeli hazijawa kitu cha kawaida hapa Ifakara.

Zamani magurudumu yalikuwa ya mti yaliyovikwa chuma. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, jina lake Robert William Thomson, aliandikisha haki ya uvumbuzi wa gurudumu lenye mfuko wa mpira uliojaa hewa. Lilikwenda vizuri chini ya magari ya farasi, lakini lilikuwa ghali, na baiskeli za kulitumia zilikuwa bado. Basi likasahauliwa. Ikapita miaka 40 na zaidi. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa mjini Belfast, akaandikisha jambo lile lile asijue kwamba lilikwisha fanywa. Yeye alikuwa amemfungia mwanawe mipira ya upepo katika baiskeli yake ya magurudumu matatu ili isimtingishe barabarani. Baadaye haki yake ikafutwa kwa ajili ya Thomson, lakini dunia ilikwisha kulishika jina la Dunlop, nalo halikusahauliwa hata leo.

Hapo watu wa Ulaya na Marekani wakaingiwa na wazimu wa baiskeli, na baada ya baiskeli wakataka pikipiki na motokaa. Vyote vilihitaji mpira. Je, mpira ulitoka wapi? Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado machanga. Ulitoka porini: Brazil, Kongo, na kwetu.

Tukae hapa kidogo. Katika misitu ya kusini, toka nyuma ya Kilwa na Lindi hata upande wa Mahenge, huota mitambazi yenye utomvu mweupe, jamaa moja na mbungo ambao watoto hupenda matunda yake. Wakati wa Wadachi watu waliichanja mitambazi hiyo, wakauacha utomvu ugande, wakauviringa ukawa matufe. (Angalieni lugha yetu: mpira wa mtini, mpira wa kuchezea na mpira wa gurudumu, neno ni moja.) Matufe yakafungwa mizigo, yakachukuliwa kichwani hadi pwani, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba. Na tangu mwaka 1898 palikuwa na kodi ya nyumba ya kulipwa, basi mtu mwenye mpira wa kuuza alijua fedha yake itakwenda wapi.

Wenzetu wa Kongo walipatwa na mabaya kupita sisi. Tangu 1885 hata 1908 nchi yao ilikuwa kama mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwanakijiji aliyeshindwa kuleta kipimo cha mpira aliweza kupigwa viboko, kufungiwa mkewe, hata kuuawa. Zipo picha za watu waliokatwa mikono. Husemwa kwamba gurudumu la upepo lilileta raha katika safari. Ni kweli, ila mimi huuliza raha ya nani.

Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yamekomaa, na biashara yetu ya mpira ikafa. Tangu hapo mpira ukatujia kwa njia ya duka: tairi, tyubu, viraka na gundi yake.

Sasa tuje kwenye kipimo. Gurudumu la chuma likichakaa unaliona. Hewa haionekani. Huingia kwa jasho la mwenye bomba na kutoka kimya, hata pasipo msumari wala mwiba, kidogo kila mwezi. Katika miaka ya 1890 kampuni ya August Schrader ya New York ilitengeneza kinywa kidogo cha chuma chenye kijiti ndani yake. Ukijaza upepo, kijiti hurudi nyuma, ukiacha, hujifunga. Ndicho kinywa mnachokiona katika pikipiki zote za Ifakara. Kwa kinywa hicho ilikuwa rahisi kutumia geji: huikandamiza, upepo husukuma kipimo, nawe husoma tarakimu. Tarakimu hiyo ni paundi kwa kila inchi ya mraba, ingawa mafundi husema tu, "Nitie 28?"

Kwa nini kidole hakitoshi? Tairi la pikipiki lina ukuta mnene wenye nyuzi ndani. Hata likipoteza robo ya upepo wake, kidole huliona gumu. Lakini chini ya mzigo ukuta ule hupinda na kunyooka kila linapozunguka. Kupinda huleta joto, na joto huzitenga nyuzi. Tena kama lina tyubu, tairi legevu huweza kuteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, mpaka kinywa kinachanika shinani na upepo wote kutoka kwa mara moja.

Mimi nilifundishwa hayo njiani kati ya Mang'ula na Kiberege. Kijana aliyenipakia aliweka maboksi mawili ya vitabu vyenu nyuma yangu, akabonyeza tairi, akasema, "Twende, mwalimu, ni gumu." Tulikuwa tumekwenda mwendo wa nusu saa pikipiki ilipoanza kuyumba kama mlevi, ikatulaza katika mchanga. Hatukuumia. Vitabu viliokotwa. Lakini yule kijana aliisukuma pikipiki yake chini ya jua zaidi ya saa nzima, na alichopata siku ile kilikwenda kwa fundi. Niliwaza: je, kama badala ya vitabu angekuwa amempakia mama mwenye uchungu anayekimbizwa hospitali?

Huko ng'ambo nako walijifunza kwa hasara. Mwaka 1986 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilitoa gari lake liitwalo 959, lenye chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Lilikuwa gari la matajiri. Kisha mwaka 2000, Marekani, matairi ya Firestone yakawa yanabanduka ngozi ya juu barabarani, magari yanapinduka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Katika sababu zilizotajwa, upepo mdogo na joto vilikuwamo. Mwaka ule ule ikapitishwa sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa kule lilitakiwa kuwa na chombo hicho. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata: kufikia mwaka 2014 kila gari dogo jipya lilipaswa kuwa nacho. Pikipiki hazikutajwa katika sheria hizo. Nashangaa, maana gari lina magurudumu manne na pikipiki mawili tu.

Hata hivyo watengenezaji wa pikipiki kubwa za safari ndefu, kama BMW, walianza kuziuza zikiwa na chombo hicho kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000. Hivi ndivyo kinavyofanya kazi. Ndani ya rimu, karibu na kinywa, huwekwa kitu kidogo chenye betri. Hupima upepo na kupeleka habari kwa njia ya redio, kama sauti yangu inavyowafikia ninyi, mpaka kwenye kioo mbele ya dereva. Upepo ukipungua, taa huwaka. Kipo na cha namna nyingine, kinachofungwa juu ya kinywa mahali pa kifuniko. Hicho chaweza kufungwa hata katika pikipiki yenye tyubu.

Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, na mwaka 2018 likafunguliwa daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384. Mahali ambapo watu walingoja kivuko, bodaboda sasa hupita kwa kasi kwenda Lupiro na Mahenge, abiria na gunia la mchele juu ya tairi moja la nyuma. Je, dereva wetu anunue kile chombo cha kifuniko? Mimi singemshauri aanze nacho. Kina uzito, na katika barabara ya mashimo huchezacheza na kukichosha kinywa cha mpira. Betri nayo hufa. Aanze na geji ya mkono. Apime asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa sababu likikimbia hupata joto na kipimo hupanda. Akipima mchana na kupunguza upepo, usiku litakuwa legevu.

Sasa tazameni ubao. Wale watatu watoke tena, safari hii na geji ya kuazima kwa fundi. Someni tarakimu, kisha mtafute kwenye kibandiko cha pikipiki au katika kitabu chake tarakimu inayotakiwa. Mtaona ya nyuma ina vipimo viwili, cha dereva peke yake na cha kubeba abiria. Andikeni katika daftari: mbele ngapi, nyuma ngapi, zimepungua ngapi. Asiyejua bado kutoa asaidiwe na jirani yake.