Kitabu cha Karatasi, Kitabu cha Kielektroniki na Suala la Milki ya Matini

Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, iliyohifadhiwa Hamburg, ingali inasomeka. Anachohitaji msomaji ni ujuzi wa hati za Kiarabu tu. Sifa hiyo ya karatasi ndiyo ipasayo kuzingatiwa katika mjadala wa iwapo vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki vitachukua kikamilifu nafasi ya vitabu vya karatasi.

Kindle, iliyotolewa na Amazon mwaka 2007, ina manufaa yasiyokanika: hubeba mamia ya vitabu, na maandishi yake huweza kukuzwa kwa wenye macho dhaifu. Hata hivyo, Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali nakala za Nineteen Eighty-Four ya George Orwell zilizokwisha kununuliwa, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuzichapisha. Fedha zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani alibaki na maelezo yake bila matini aliyokuwa akiifafanua.

Kasoro hii haitokani na kioo chenyewe. Project Gutenberg, ulioanza mwaka 1971, hutoa matini ambazo msomaji aweza kuzihifadhi na kuzinakili apendavyo. Tofauti ya msingi, basi, imo katika milki. Mwenye kitabu cha karatasi ndiye mhifadhi wake, ilhali mnunuzi wa kitabu cha Kindle husoma kwa idhini ya muuzaji. Uhakiki hauwezi kujengwa juu ya matini iwezayo kuondolewa. Maadamu idhini hiyo ipo, karatasi haina mrithi kamili.